Mzizi wa Mtandao Huchaguliwa na Nani?

Jumatano ya tarehe 13 Novemba 2002, mchana, kompyuta za hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston, Marekani, zilianza kujikokota. Barua pepe hazikufunguka. Majibu ya maabara, yaliyozoeleka kutokea kwenye skrini papo hapo, yakawa hayaji. Mafundi wakajaribu hili na lile. Mtandao ukawa unarudi kidogo, kisha unazama tena. Kwa saa kadhaa magari ya wagonjwa yakaelekezwa hospitali nyingine. Haukupita muda hospitali nzima ikawa imerudi kwenye kalamu na karatasi: daktari anaandika dawa kwa mkono, mtu anatumwa kukimbiza majibu ya vipimo wodini. Hali hiyo iliendelea kwa karibu siku nne.

Hakukuwa na mdukuzi wala kirusi. Nyaya zilikuwa nzima, seva zilikuwa nzima. Kilichoelemewa ni utaratibu mmoja wa kimya ambao watumiaji wengi wa kompyuta hawajawahi kuusikia, ingawa umo ndani ya swichi nyingi za ofisini, zile ambazo fundi anaweza kuingia ndani yake na kuzipangia mambo. Jina lake kwa kifupi ni STP, na kazi yake ni kuzuia kitanzi.

Kitanzi ni nini? Chukua ofisi yoyote. Meza inahamishwa, waya mmoja wa mtandao unachomoka na kubaki unaning'inia. Mtu mwenye nia njema anauona, anatafuta tundu lililo wazi ukutani, anauchomeka. Hajui kwamba ncha ya pili ya waya huo huo imechomekwa kwenye tundu la jirani. Sasa waya umetoka kwenye swichi, umepita nyuma ya meza, umerudi kwenye swichi ile ile.

Kompyuta inapowashwa au inapotafuta printa hupaza sauti: nani mwenye anwani fulani? Tangazo la namna hiyo halina mlengwa mmoja, kwa hiyo swichi hulinakili na kulitoa kwenye poti zake zote, isipokuwa ile lililoingilia. Penye kitanzi, nakala iliyotoka poti moja inarudi kupitia poti nyingine. Swichi haikumbuki kwamba ilishaiona. Inaipokea kama ngeni, inainakili tena, inaitoa tena. Tangazo linalofuata linajiunga na hilo, na linalofuata vilevile, yote yanazunguka kwa kasi ya waya. Kwenye waya wa gigabiti moja, fremu ndogo kabisa zinaweza kupita karibu milioni 1.49 kwa sekunde moja, na kila kompyuta ya ofisi inalazimika kuzisikiliza zote. Vitanzi vikiwa zaidi ya kimoja, nakala huzaana.

Aliyewahi kusimama mbele ya kabati la swichi wakati wa tufani hiyo haisahau sura yake. Kwa kawaida taa ndogo za kijani humeta ovyo ovyo, hii sasa hivi, ile baadaye. Siku ya kitanzi zinapepesa zote pamoja, kwa mwendo mmoja, haraka mno, mpaka zinaonekana kama zimeganda.

Kinachoufanya mzunguko huo usiishe wenyewe ni upungufu wa tangu mwanzo. Pakiti za IP zinazopita kwenye ruta zimeandikiwa umri: kila ruta hupunguza moja, na hesabu ikifika sifuri pakiti hutupwa. Fremu za Ethernet hazina umri. Zikishaanza kuzunguka, zitazunguka mpaka mtu achomoe waya au umeme ukatike.

Dawa rahisi ingekuwa kuhakikisha kila swichi ina njia moja tu ya kuifikia nyingine. Lakini hakuna fundi mwenye akili timamu anayetaka njia moja. Panya akiutafuna waya wa ghorofa ya tatu saa nne asubuhi, ghorofa nzima inakaa bila kazi hadi jioni. Kwa hiyo watu huweka waya wa akiba. Na waya wa akiba, ukiwa umechomekwa pande zote mbili, ndio huo huo kitanzi.

Fumbo hilo lilimfikia Radia Perlman katikati ya miaka ya 1980, akiwa mhandisi wa kampuni ya Digital Equipment Corporation. Perlman alizaliwa mwaka 1951 na kusoma hisabati katika chuo cha MIT. Amesimulia mara nyingi jinsi meneja wake alivyomwachia kazi hiyo siku ya Ijumaa, kabla ya yeye meneja kwenda likizo: vifaa vya kuunganisha mitandao, wakati huo vikiitwa madaraja, vipange vyenyewe njia zisizo na kitanzi, na kumbukumbu inayohitajika isiongezeke hata mtandao ukue kiasi gani. Alilipata jibu usiku ule ule. Jumatatu na Jumanne akaandika maelezo yake ya kiufundi. Siku zilizobaki, kwa kuwa meneja hakuwepo na hapakuwa na la kufanya, akatunga shairi la kuueleza utaratibu wake, unaozipanga njia kama matawi ya mti, kwa kufuata mtindo wa shairi maarufu la Joyce Kilmer la mwaka 1913 kuhusu miti, na shairi hilo akaliweka mwanzoni mwa makala yake ya kitaalamu ya mwaka 1985. Mwaka 1990 taasisi ya viwango ya IEEE ikaupitisha utaratibu huo kwa namba 802.1D.

Perlman mwenyewe hajawahi kuuona kama kazi yake kubwa. Amekuwa akisema kwamba ulikuwa kiraka: watu walitengeneza programu za mtandao bila kuweka tabaka la kutafuta njia, kisha wakataka Ethernet, iliyobuniwa kwa eneo dogo, ifanye kazi ya ruta. Kiraka kimedumu kwa zaidi ya miaka 35. Huenda hapa anajipunja, maana viraka vingi havifikishi hata mitano.

Wazo lenyewe linaelezeka bila hesabu. Swichi zote za mtandao zinachagua moja iwe mzizi. Kila moja kati ya zilizobaki inatafuta njia yake fupi kabisa ya kuufikia mzizi, na njia nyingine zote zinafungwa. Kinachobaki ni mti: shina moja, matawi yanayofika kila mahali, na hakuna tawi linalojirudia. Waya uliofungwa haukatwi. Unabaki umechomekwa, ukisikiliza tu, na siku tawi likivunjika unaamshwa.

Kuna jambo la kuchekesha katika uchaguzi huo. Kila swichi inapoamka hujitangaza kuwa yenyewe ndiyo mzizi, na hulirudia tangazo hilo kila baada ya sekunde 2. Inanyamaza pale tu inapomsikia mwenzake mwenye namba ndogo kuliko yake. Zizi hili halikai mafahali wawili, na anayeshinda ni mwenye namba ndogo kuliko wote.

Namba hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kipaumbele, ambacho fundi anaweza kukibadilisha. Ya pili ni anwani ya MAC, iliyowekwa kiwandani. Hapa ndipo ofisi nyingi zinapoteleza bila kujua. Kipaumbele cha kiwandani ni 32768, na ni hicho hicho kwa karibu kila swichi. Fundi asipokigusa, wote wanalingana, na kura ya mwisho inapigwa na anwani ya MAC. Kwa kuwa watengenezaji hugawa anwani zao kwa kupanda, swichi yenye anwani ndogo mara nyingi ndiyo kongwe. Ile ya miaka 15 iliyopachikwa juu ya mlango wa stoo, yenye feni inayokoroma, inaweza kuwa ndiyo inayotawala jengo zima.

Je, kuna ubaya gani? Chukua swichi tatu zilizounganishwa pembetatu. Mbili ziko chumba cha seva, mpya, na kati yao kuna waya wa gigabiti moja. Ya tatu ni hiyo kongwe ya stoo, iliyoungwa na kila moja kwa waya wa megabiti 100. STP hupima njia kwa gharama: kwa kipimo cha zamani, waya wa megabiti 100 unagharimu 19 na wa gigabiti moja unagharimu 4. Kongwe akiwa mzizi, kila swichi mpya inamfikia moja kwa moja kwa 19. Kupitia kwa mwenzake ingekuwa 19 jumlisha 4, yaani 23. Njia ya 23 inafungwa. Na njia hiyo ndiyo ule waya wa gigabiti! Waya bora kuliko yote katika jengo unalala, na kila faili linalotoka swichi moja ya chumba cha seva kwenda ya pili, zilizo kwenye kabati moja, linazungukia stoo na kurudi.

Hakuna taa nyekundu itakayowaka. Kwa mujibu wa utaratibu, kila kitu kiko sawa. Watumiaji watalalamika tu kwamba mfumo ni mzito, na fundi atawaambia ni intaneti.

Dawa yake ni mstari mmoja. Kwenye swichi ya Cisco fundi huingia na kuandika kwanza "show spanning-tree". Skrini inamwonyesha mzizi ni nani, poti gani inaelekea kwake, na ipi imefungwa. Akikaa kwenye swichi yenyewe ya mzizi ataona maneno "This bridge is the root". Wengi hushtuka mara ya kwanza kuyaona maneno hayo mahali wasipoyatarajia. Kisha anakwenda kwenye swichi aliyoiteua, ile yenye nguvu iliyo katikati ya mtandao, na kuandika, tuseme kwa VLAN ya 10 (VLAN ni mtandao mmojawapo kati ya kadhaa inayotengwa ndani ya swichi zile zile), "spanning-tree vlan 10 priority 4096". Swichi ya pili kwa ubora anaipa 8192 iwe naibu. Nyingine anaziacha na namba zao za kiwandani.

Anayejaribu kuandika 5000 atakataliwa. Kipaumbele hupanda kwa hatua za 4096, kuanzia 0 hadi 61440. Sababu ni ya kihistoria: namba hiyo ilikuwa na biti 16, kisha biti 12 zikachukuliwa ili kubeba namba ya VLAN, zikabaki 4 tu za kipaumbele. Ndiyo maana skrini ya VLAN 10 haionyeshi 32768 bali 32778, na mgeni wa kazi hii hutumia nusu saa akitafuta ile kumi imetoka wapi.

Cisco wana amri nyingine inayoahidi kuifanya swichi iwe mzizi bila fundi kutaja namba yoyote. Inavutia, lakini kuandika namba kwa mkono ni bora. Amri hiyo hupima hali ya mtandao siku inapoandikwa tu, kisha huweka kipaumbele kinachotosha kushinda siku hiyo. Haiendelei kulinda. Mwaka unaofuata mtu akileta swichi yenye namba ndogo zaidi, kiti kinakwenda. Kulinda kiti kuna kinga yake, iitwayo Root Guard, inayowekwa kwenye poti ambazo mzizi hautakiwi kamwe kutokea upande wake.

Boston walijikwaa kwenye kipengele kingine. Muda wa kusubiri uliowekwa katika STP, yaani sekunde 20 kabla ya kuamini kwamba taarifa ya mzizi imepitwa na wakati, kisha sekunde 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza, ulikokotolewa kwa mtandao ambao kati ya pembe zake mbili hazipiti zaidi ya swichi 7. Hospitali hiyo ilitokana na muungano wa hospitali mbili mwaka 1996, na mtandao wake ulikuwa umekua kwa kuungwa kipande juu ya kipande. Kufikia 2002 kulikuwa na sehemu iliyo mbali kuliko kipimo hicho. Siku za kawaida haikuleta shida. Kisha mtafiti mmoja akajaribu programu mpya ya kugawana data, mzigo mkubwa ukajaa kwenye nyaya, ujumbe wa STP ukakosa kufika kwa wakati, na swichi zikaanza kuhesabu mti upya kila moja kwa taarifa zake. Poti zilizopaswa kufungwa zikafunguka.

Cisco, waliotengeneza swichi hizo, walipeleka kikosi cha wataalamu na shehena ya vifaa. Mtandao ukagawanywa kwa ruta, ili tatizo la upande mmoja lisivuke kwenda upande wa pili. Mkuu wa TEHAMA wa hospitali, John Halamka, alifanya jambo ambalo wakuu wa idara hizo hulikwepa: aliisimulia aibu yote hadharani, pamoja na makosa yake, ili hospitali nyingine zijikague. Kisa hicho bado kinatajwa na mafundi wa mtandao hadi leo.

Zile sekunde 15 na 15 zina kisa kingine kidogo, cha kila asubuhi. Mtu anawasha kompyuta. Poti ya swichi inaona waya umepata uhai, nayo kwa tahadhari inakaa sekunde 30 ikichunguza kama upande wa pili kuna swichi nyingine. Wakati huo kompyuta inaomba anwani ya IP, haijibiwi, inaomba tena, inachoka, inajipa anwani ya kujitungia inayoanza na 169.254. Mtumiaji anaona hana mtandao na kupiga simu idara ya TEHAMA. Fundi anamwambia azime awashe. Akiwa na bahati mara hii inafanya kazi, na fundi anaonekana shujaa.

Kwa hiyo poti zinazoelekea kwa kompyuta, printa na simu za mezani huwekewa PortFast, yaani zinaruhusiwa kupitisha mara moja bila kusubiri. Kuna faida ya pili isiyosemwa sana. Bila PortFast, kila kompyuta inapozimwa au kuwashwa, swichi hutangaza kwamba umbo la mti limebadilika, na wenzake hufupisha kumbukumbu ya anwani walizojifunza kutoka sekunde 300 hadi 15. Katika ofisi ya kompyuta 200 mtandao unakuwa unasahau na kujifunza upya kutwa nzima.

Lakini PortFast ni mlango ulioachwa wazi, na anayeuacha wazi aweke mlinzi. Mlinzi huyo anaitwa BPDU Guard. Ujumbe wa STP, uitwao BPDU, ukionekana unaingia kwenye poti ambayo inapaswa kuwa na kompyuta tu, poti inazimwa hapo hapo. Yule mwenye nia njema na waya wake unaoning'inia atakutana naye. Atakayeleta swichi yake ndogo kutoka nyumbani ili apate matundu ya ziada, nayo ikawa inatuma ujumbe wa STP, atakutana naye pia. Swichi za bei nafuu zisizoweza kupangiwa kitu, zile zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta, ni hatari zaidi kwa sababu baadhi yao huumeza ujumbe huo kimya kimya. Kitanzi kinakuwepo na mlinzi hakioni. Kwa hizo, dawa iliyobaki ni kuweka kikomo cha matangazo kwa kila poti, na kufuli kwenye mlango wa chumba cha swichi.

Kuna kipengele kingine chenye jina linalofanana, BPDU Filter, na mafundi wengi wamewahi kukichanganya na cha kwanza. Guard huzima poti ikisikia hatari. Filter huziba masikio. Kukiweka kwenye poti ya kawaida kwa sababu "kinaondoa zile poti kuzima zima" ni sawa na kutoa betri kwenye king'ora cha moto kwa sababu kinapiga kelele.

Mwaka 2001 IEEE ilitoa toleo la haraka, 802.1w, ambalo swichi zake hupeana kauli moja kwa moja badala ya kungoja saa ziishe. Sekunde 30 hadi 50 zimekuwa chache, mara nyingine pungufu ya moja. Swichi nyingi za Cisco za zamani zina uwezo huo lakini zilitoka kiwandani zikiwa kwenye mfumo wa awali, na mstari wa kuubadilisha ni mfupi kuliko ule wa kipaumbele. Kutoubadilisha ni uvivu tu.

Kwa ofisi za Dar es Salaam, Mombasa, Goma au Bujumbura, ambako umeme hukatika na jenereta huchukua muda kushika, kuna la ziada. Umeme ukirudi swichi zote huamka karibu kwa pamoja na kuanza kushindana upya. Zile nyepesi huwahi, zinamchagua mzizi wa muda, mtandao unarudi. Dakika mbili baadaye ile yenye namba ndogo inamaliza kuamka, inadai kiti chake, mti unahesabiwa tena na mtandao unakatika mara ya pili, wakati watu wameshaanza kushukuru. Fedha za UPS zikiwa hazitoshi kwa swichi zote, basi mzizi na naibu wake ndio wa kwanza kupewa.

Baada ya yote hayo kinabaki kipimo, na hufanywa usiku, watu wakiwa wameondoka. Fundi anakaa sakafuni mbele ya kabati na kompyuta mapajani, ameianzisha ping kwenda kwenye seva iliyo upande wa pili wa jengo, jibu moja kila sekunde. Anachomoa waya mkuu. Majibu yanakatika. Kwenye mfumo wa zamani atahesabu pakiti 30 hivi zilizopotea kabla waya wa akiba haujaamka. Kwenye mfumo wa haraka, moja au mbili, pengine hakuna. Anauchomeka tena, anahesabu tena. Namba anaziandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa kabati, pembeni ya mchoro unaoonyesha mzizi ni swichi ipi na naibu ni ipi, pamoja na tarehe.